Kulisikiliza Bonde Kabla Halijatikiswa

Sehemu ya kusini kabisa ya ufa wa San Andreas, ile inayokatiza jangwa la California kutoka Salton Sea kuelekea San Bernardino, haijakatika kwa takribani miaka 300. Mabamba mawili ya gamba la dunia yanataka kupishana pale, lakini mwamba umeng'ang'aniana na msongo unazidi kulimbikizana. Tetemeko kubwa la 9 Januari 1857 lilikata ufa huo kaskazini zaidi, upande wa Fort Tejon, kabla vipima mitetemo havijawekwa California. Kwa hiyo Los Angeles ya leo, pamoja na barabara zake za juu, mabomba yake ya maji na majengo yake marefu, imejengwa kando ya ufa ambao hakuna chombo kilichowahi kurekodi mtikisiko wake mkubwa ukiingia mjini.

Mwaka 2008 timu ya wataalamu wa Marekani ilichora picha ya tukio hilo chini ya jina la ShakeOut: tetemeko la ukubwa wa 7.8 kwenye ufa huo, vifo vipatavyo 1,800 na hasara ya zaidi ya dola bilioni 200. Makisio ya namna hiyo huanzia kwenye swali moja: ardhi ya mahali fulani itachezaje? Mhandisi anayesanifu jengo la ghorofa 50 hahitaji kuambiwa siku ya tetemeko, na hakuna awezaye kumwambia. Anahitaji kujua udongo ulio chini ya msingi wake utasukumwa kwa kasi gani, kwa mdundo gani, na kwa muda gani. Kwa kawaida jibu hutafutwa kwenye rekodi za matetemeko yaliyopita. Pasipo na rekodi, tumezoea kuazima za kwingine, na hapo ndipo tunapoweza kupotoka vibaya, kwa sababu mabonde ya mashapo hayafanani.

Mexico City ililipia somo hili kwa damu. Asubuhi ya 19 Septemba 1985 tetemeko la ukubwa wa 8.0 lilitokea chini ya pwani ya Michoacán, zaidi ya kilomita 350 kutoka mji mkuu. Kwa umbali huo mtikisiko ulipaswa kufika ukiwa umechoka. Badala yake maelfu ya watu walikufa. Idadi inayotajwa mara nyingi ni karibu 10,000. Hata ndani ya mji maafa hayakuenea sawasawa. Chuo Kikuu cha Taifa, UNAM, kimejengwa juu ya lava ngumu kusini mwa mji, na vipima vyake vilionyesha mchapuko wa asilimia 3 au 4 tu ya ule wa uvutano wa dunia. Kilomita chache kutoka hapo, katika kituo cha kupima mitetemo cha SCT kilichokuwa juu ya kitanda cha ziwa la kale la Texcoco, mchapuko ulifika asilimia 17, tena ardhi ikienda na kurudi kwa utaratibu wa kutisha, mara moja kila sekunde 2.

Sekunde hizo 2 zina hesabu yake. Chini ya sehemu hiyo ya mji kuna mfinyanzi laini uliojaa maji, ambamo mawimbi yanayotikisa ardhi kando kwa kando husafiri polepole mno. Chukua tabaka la mita 40 na kasi ya mita 80 kwa sekunde. Wimbi lililonaswa kati ya uso wa ardhi na tabaka gumu la chini hupanda na kushuka, na mdundo mmoja hukamilika baada ya safari mbili za kwenda na kurudi: mita 160, yaani sekunde 2. Mitetemo iliyotoka Michoacán ilibeba nguvu nyingi katika mdundo huohuo, na ziwa la kale likaupokea jinsi bembea inavyopokea msukumo kila inaporudi. Juu yake yalisimama majengo ya ghorofa 6 hadi 15. Jengo la ghorofa 10 lina mdundo wake wa asili unaokaribia sekunde 1. Likishaanza kupasuka hulegea, mdundo wake hurefuka, na linazidi kuusogelea ule wa ardhi. Nyumba fupi na baadhi ya minara mirefu zilisimama katika mitaa ileile ambayo majengo ya urefu wa kati yalilaliana chini.

Hilo ni tabaka moja jembamba. Mabonde makubwa yana kina cha kilomita kadhaa, na juu ya hilo yana kingo. Wimbi linalotoka kwenye mwamba mgumu na kuingia kwenye mashapo hupunguza kasi, kwa hiyo hukua. Likifika ukingo wa pili hurudishwa, na mawimbi ya juujuu huzaliwa kingoni na kuzunguka bondeni muda mrefu baada ya ufa wenyewe kutulia. Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko la Tohoku lilipoipiga Japani, jengo la Sakishima mjini Osaka, lenye ghorofa 55 na urefu wa mita 256, liliyumba kwa dakika kadhaa, kilele chake kikienda zaidi ya mita 1 kila upande. Chanzo kilikuwa umbali wa kilomita zaidi ya 700. Katika bonde la Kathmandu, tetemeko lilipolipiga tarehe 25 Aprili 2015, mdundo uliotawala ulikuwa wa sekunde 4 hadi 5, na mtikisiko wa haraka, ule unaovunja nyumba fupi, ulikuwa mdogo kuliko wengi walivyohofia. Huwezi kuchukua rekodi ya Kathmandu ukaipeleka Mexico City na kudhani umejua jambo.

Basi bonde lisilo na rekodi ya tetemeko lake litajulikanaje? Jibu la kwanza lilikuwa kompyuta. Mwaka 2006 Kim Olsen na wenzake walichapisha matokeo ya TeraShake, hesabu iliyoigiza tetemeko la ukubwa wa 7.7 kwenye San Andreas ya kusini. Ufa ulipokatika kutoka kusini-mashariki kwenda kaskazini-magharibi, mawimbi yalionekana kunaswa katika mlolongo wa mabonde ya mashapo, kuanzia San Bernardino, kupita San Gabriel, na kumwagwa katika bonde la Los Angeles kupitia uwazi wa Whittier Narrows. Ni njia ya kilomita kama 100. Kisha watafiti haohao walibadilisha namna ufa unavyokatika, wakauacha ujikate kwa kufuata kanuni za msuguano badala ya kuuamuru, na kasi ya mtikisiko ikashuka mara 2 hadi 3 katika baadhi ya maeneo. Ukubwa wa tetemeko haukubadilika, wala ardhi haikubadilika. Isitoshe, ramani ya chini ya ardhi inayolishwa kwenye kompyuta hutegemea pale watu walipochimba, na katika Los Angeles walichimba sana palipokuwa na mafuta. Kwingineko pana makisio mengi. Mtu mwenye busara angeweza kuuliza kama ile njia ya mawimbi ipo kweli ardhini au imezaliwa na hesabu.

Ushahidi huru ulitoka baharini. Mawimbi ya bahari hutikisa dunia bila kukoma. Mengine hupiga pwani na kutoa mitetemo yenye mdundo wa sekunde 10 hadi 20. Yenye nguvu zaidi hutokana na jambo ambalo Michael Longuet-Higgins alilifafanua mwaka 1950: makundi mawili ya mawimbi yakikutana yakitoka pande zinazoelekeana, msukumo wake haufifii kadiri kina kinavyoongezeka kama unavyofifia msukumo wa wimbi la kawaida. Hufika sakafu ya bahari na kuigonga kwa mdundo ulio nusu ya ule wa mawimbi yenyewe, sekunde 5 hadi 10 hivi. Mitetemo hiyo hufika katikati ya mabara. Hakuna mtu anayeihisi, lakini kila kipima mitetemo chenye usikivu wa kutosha huirekodi usiku na mchana. Kwa miongo mingi wataalamu waliiita kelele na kuikimbia, wakichimbia vituo vyao mbali na pwani ili wayasikie matetemeko vizuri zaidi.

Walikuwepo walioona mapema kwamba kelele hiyo ina habari. Keiiti Aki, mwaka 1957, alionyesha jinsi ya kupata kasi ya mawimbi chini ya kundi la vipima kwa kulinganisha mitetemo ya kawaida ya ardhi. Jon Claerbout, mwaka 1968, alithibitisha jambo la jirani kwa tabaka zilizolala mlalo. Lakini mlango ulifunguka hasa kati ya 2003 na 2005, kwa kazi za Michel Campillo, Anne Paul, Nikolai Shapiro na wenzao. Mwaka 2005 walitumia mwezi mmoja tu wa kelele iliyorekodiwa California kuchora ramani ya kasi ya mawimbi, na mabonde makubwa ya mashapo ya jimbo hilo yakajitokeza waziwazi, bila tetemeko hata moja.

Namna inavyofanyika inastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu mara ya kwanza inasikika kama mazingaombwe. Weka vipima viwili, kimoja kwenye ufa, kingine mjini. Kila kimoja kinarekodi fujo isiyo na mpangilio. Lakini baadhi ya mawimbi yaliyopita kwenye kipima cha kwanza yaliendelea na safari na kupita kwenye cha pili baada ya sekunde kadhaa. Chukua rekodi mbili hizo, isogeze moja kwa sekunde 1, uone zinafanana kiasi gani. Isogeze kwa 2, kwa 3, na kuendelea. Rudia kwa miezi. Yaliyogongana kwa bahati tu yanafutana. Kinachobaki ni kile ambacho vipima vyote viwili vilishiriki, yaani wimbi lililosafiri kati yao, likiwa limepinda, limechelewa na limekuzwa na kila kitu kilichopo njiani. Matokeo yake yanakaribiana sana na rekodi ambayo kipima cha pili kingeipata kama ardhi ingepigwa mara moja pale kilipo kipima cha kwanza. Hakuna aliyehitaji kujua kina cha bonde wala aina ya udongo. Ardhi yenyewe imekwisha kuifanya hesabu.

Germán Prieto na Gregory Beroza walionyesha mwaka 2008 kwamba njia hii haikomei kwenye muda wa kusafiri tu. Inabeba pia ukubwa wa mtikisiko, na bonde la Los Angeles linaonekana ndani yake likikuza mawimbi kama linavyoyakuza tetemeko la kweli linapotokea. Mwaka 2014 Marine Denolle, Eric Dunham, Prieto na Beroza walikwenda hatua ndefu zaidi katika jarida la Science. Walitumia vipima vilivyowekwa kandokando ya San Andreas ya kusini kana kwamba kila kimoja ni chanzo. Pigo la juu ya ardhi si tetemeko, kwa hiyo walirekebisha kina, wakarekebisha namna mwamba unavyoteleza pande mbili za ufa, kisha wakaunganisha vyanzo hivyo kimoja baada ya kingine ili kuiga ufa mrefu unaokatika. Wakayaita matetemeko pepe. Kabla ya hapo mbinu yao ilikuwa imepimwa dhidi ya matetemeko ya wastani ya eneo hilohilo na ikalingana nayo vizuri. Na ile njia ya TeraShake ikaonekana tena: mawimbi yakiongozwa na mlolongo wa mabonde hadi Los Angeles, mtikisiko ukiwa karibu mara 3 ya ule wa maeneo ya jirani.

Kwangu mimi, thamani kubwa ya kazi ile ipo katika huko kukubaliana. Kompyuta na bahari hazikuazimana chochote. Njia mbili zenye udhaifu tofauti zikikutana mahali pamoja, mwenye shaka ndiye anayepaswa kuleta hoja. Na pale zilipotofautiana kwa kiwango, kelele ikionyesha mtikisiko mkubwa kuliko hesabu, watafiti hawakuridhika kubishana mezani. Kati ya 2017 na 2019 walisambaza mamia ya vipima vidogo katika mistari inayokatiza mabonde ya San Gabriel, Chino na San Bernardino, vingi vikiwa vimefukiwa katika nyua za wakazi kwa takribani mwezi mmoja kila mstari, ili umbo la mabonde yenyewe lijulikane upya. Hivyo ndivyo sayansi ya hatari inavyopaswa kwenda.

Udhaifu wa njia hii ni wa kweli, na wanaoitangaza kama dawa ya kila kitu wanaidhuru. Nadharia inadai kelele itoke pande zote kwa usawa. Bahari haitii sharti hilo. California hupokea mitetemo mingi kutoka Pasifiki na michache kutoka bara. Mfano mkali zaidi uko upande wetu wa dunia: kuna mtetemo wenye mdundo wa sekunde 26, ulioelezwa na Jack Oliver mwanzoni mwa miaka ya 1960, unaotoka eneo moja katika Ghuba ya Guinea na kusikika katika mabara mengine. Chanzo kimoja kisichonyamaza kama hicho huweza kuweka ndani ya matokeo wimbi ambalo halikusafiri kati ya vituo vyako kabisa. Muda wa kusafiri huvumilia kasoro hizi. Ukubwa wa wimbi huvumilia kidogo sana. Kibaya zaidi, desturi za kusafisha data, kama kubakiza alama ya juu au chini tu na kutupa ukubwa wa mtetemo, ni nzuri kwa kuchora ramani za kasi lakini huharibu kitu kilekile mhandisi anachokitafuta. Mtu akikuletea makisio ya mtikisiko kutoka kwenye kelele, swali la kwanza la kumwuliza ni amezisafishaje rekodi zake.

Swali la pili linahusu udongo. Mitetemo ya bahari ni midogo mno, na udongo unaosukumwa kidogo hurudi ulipokuwa. Ukisukumwa kwa nguvu, chembe zake huteleza, hulegea, hunyonya sehemu ya nguvu ile, na penye mchanga uliolowa huweza kugeuka uji. Hayo kelele haiwezi kuyaona. Kwa mdundo wa sekunde 3 na kuendelea, ambao hutawaliwa na bonde zima, kasoro hii si kubwa mara nyingi. Kwa nyumba ya ghorofa 2 ni kubwa, na hapo hakuna mbadala wa kuchimba na kuupima udongo wenyewe. Wala kelele haisemi ufa utakatika kutoka upande gani, kwa kasi gani, au kama utakatika wote. Inaijua njia, chanzo haikijui.

Kuna pia ndugu mdogo wa mbinu hii, maarufu kuliko ndugu yake kwa sababu ni rahisi: uwiano wa mtetemo wa mlalo kwa mtetemo wa wima, uliosambazwa duniani na Yutaka Nakamura kuanzia 1989. Kipima kimoja, nusu saa, mchoro wenye kilele. Mahali ambapo mashapo laini yamelala juu ya mwamba mgumu, kilele hicho huonyesha mdundo wa asili wa ardhi kwa uaminifu mkubwa, na kwa kazi hiyo naiheshimu sana. Kinachonisumbua ni ripoti ambamo kimo cha kilele kimesomwa kama idadi ya mara ambazo tetemeko litakuzwa. Kimo hicho hutegemea mchanganyiko wa mawimbi yaliyopo siku ile. Si kipimo cha ukuzaji. Na kipima kimoja hakiwezi kujua kingo za bonde, wala mlolongo wa mabonde unaoleta wimbi kutoka mbali. Nguzo za jengo zikikadiriwa kwa kimo hicho, jengo linabeba kosa hilo maisha yake yote.

Bonde la Ufa la Afrika Mashariki lina hali inayoshabihiana na ile ya California kwa upande mmoja muhimu: mashapo mengi, nyufa hai, na rekodi chache za mitikisiko mikubwa. Chini ya Ziwa Tanganyika na katika bonde la Rukwa mashapo yana unene wa kilomita kadhaa. Tetemeko la 13 Desemba 1910 katika eneo la Rukwa, lenye ukubwa wa karibu 7.4, ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyojulikana Afrika katika karne ile, na vyombo vya zama zile havingeweza kueleza mashapo yalivyocheza. Tetemeko la 5 Desemba 2005 katika Ziwa Tanganyika lilikuwa na ukubwa wa 6.8. Lile la Kagera la 10 Septemba 2016 lilikuwa la 5.9 tu, likaua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba.

Mahali ambapo ningependa kuona mbinu hii ikitumika kikamilifu ni Bujumbura. Mji umekaa kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, sehemu yake ya chini ikiwa juu ya mashapo ya tambarare ya Rusizi na sehemu ya juu ikipanda milima. Kelele haikosekani: bahari mbili ziko pande mbili za bara, na maziwa makubwa nayo hutikisa ardhi kwa mdundo mfupi unaokaribia sekunde 1, unaofaa kwa tabaka za juu ambazo mawimbi ya bahari huzipita bila kuzigusa. Mtetemo wa Ghuba ya Guinea ungehitaji kutengwa kwa uangalifu. Vipima vichache viwekwe kwenye nyufa za kingo za bonde, mstari mwingine ukatize tambarare kutoka chini ya milima hadi ufukweni, saa zote zilinganishwe kwa setilaiti, na virekodi kwa miezi sita. Matetemeko madogo ambayo Bonde la Ufa huyatoa mara kwa mara yangetumika kuhakiki kila hatua, kama ilivyofanyika Los Angeles. Msanifu anayechora jengo la ghorofa 15 pale chini angejua kama tambarare yake inacheza kwa sekunde 1 au kwa sekunde 3 kabla hajaamua unene wa nguzo.